Mwalimu na Neno Bado

Nilipokuwa kijana, kule chini Cyangugu karibu na maji, tulikuwa na mpira mmoja. Ulikuwa wa ngozi kweli, si ule wa majani ya migomba na kamba. Siku moja mwenzetu mwenye mguu mzito akaupiga, ukapita juu ya vichwa vyetu sote, ukateremka mteremko, ukaingia ndani ya Rusizi, na Rusizi ikauchukua. Tulikimbia nao ukingoni, sisi kwa miguu, wenyewe kwa maji, mpaka pale askari wa mpakani alipotuinulia mkono. Sisi tukasimama, mpira ukaendelea. Hata leo nikisikia watu wakibishana mto ule ni wa nchi hii au wa ile, mimi nasema moyoni kwamba ni wa mpira wetu.

Kocha wetu alikuwa seremala, mtu asiyependa kushindwa. Alisema mazoezi hayasimami. Basi tukafanya mazoezi bila mpira msimu mzima wa mvua. Mmoja anapaza sauti, "Pasi!", mwenzake anapokea hewa kwa kifua, anaiteremsha kwa goti, anapiga. Tulibishana mpaka kutukanana kama hewa imeingia golini au imepita nje. Na nakwambia tulikuwa wazuri. Watu waliokuwa wakipanda kutoka bariyeri, pale mpakani, walitua mizigo yao kututazama. Kisha mpira mpya ukapatikana, na siku ya kwanza uliponijia nilirudi nyuma. Ulikuwa mzito. Sote tulishangaa uzito wake.

Usiniulize kwa nini nimeanzia huko. Shule mimi niliishia pale wanapoanza kugawanya, kwa hiyo mkono wangu ukishika kalamu unakwenda unakotaka. Lakini njia ipo. Kocha yule baadaye alihamia huku mjini Kamembe, akajenga, akafa, watoto wakauza nyumba, ikavunjwa, na mahali pake pakajengwa salle, ukumbi mkubwa wa mabati ya buluu. Ndani ya salle ile ndimo nilimomwona Mwalimu mara ya kwanza.

Jina lake nalijua. Sitaliandika. Soko zima lilimwita Mwalimu, na mtu akisema Mwalimu hakuna aliyedhani ni wa shule ya watoto. Alikuwa mwalimu wa formation, yaani mafunzo. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi wafanyabiashara wadogo namna ya kufanya biashara, sisi ambao tulikuwa tukiifanya tangu yeye ananyonya.

Mimi ni fundi wa miavuli na mabegi. Natengeneza vyuma vya mwavuli, nashona mikanda ya mabegi, nabadilisha zipu za akina mama wanaovuka kwenda Bukavu asubuhi na kurudi jioni. Niliingia formation kwa sababu ilikuwa kiangazi, na wakati wa kiangazi mwavuli hauvunjiki. Tena walisema kuna chai.

Siku ile ya kwanza Mwalimu alipita mbele ya kila mmoja akiuliza, "Vision yako ni nini?" Alipofika kwangu nikamwambia, "Mwalimu, mimi mbali naona muzuri. Ni karibu njo kunanisumbua, sindano inapotea."

Salle ikacheka. Yeye hakucheka mara moja. Alinitazama, akageukia wengine, akasema, "Mumesikia? Uyu mzee amesema yote. Wafanyabiashara wengi wanaona mbali, wanataka duka Kigali, na sindano iliyo mkononi hawaioni." Baadaye ndipo akacheka, peke yake, wakati sisi tulikuwa tumekwisha kucheka. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kicheko chake kilikuja na basi la nyuma.

Alikuwa mwembamba, mwenye viatu safi. Kamembe ikinyesha, udongo wetu unajua kupanda juu ya mtu, lakini viatu vya Mwalimu vilikuwa vya mtu aliyeshushwa kwa kamba kutoka mbinguni. Shingoni alivaa kadi ya mradi wake, yenye picha, na aliivaa hata Jumapili akienda misa. Mimi ni Mwislamu, sikumwona kanisani, lakini Maman Sambaza alimwona, na Maman Sambaza hasemi uongo ila kuhusu samaki.

Huyu Maman Sambaza nimtaje vizuri, maana meza yake iko mkabala na kiti changu, na kila nilichokiona yeye alikiona kwa upande wa pili. Anauza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Dada yake anauza sambaza wakavu pia, meza inayofuata. Mwalimu alipotufundisha neno "mshindani," Maman Sambaza alinyoosha mkono.

"Mushindani ni adui, Mwalimu?"

"Hapana, Maman. Ni muntu anauza kitu sawa na chako, karibu na weye."

"Basi ni dada yangu."

"Kwa biashara, ni mushindani."

"Na kwa mama yetu?"

Mwalimu alisema, "Biashara haina mama." Aliyapenda maneno ya namna ile. Alikuwa nayo mengi, na aliyatengeneza mwenyewe, nadhani usiku, kama mtu anayechonga vijiko. Biashara haina shemeji. Tabasamu halilipiwi ushuru. Usiondoke bila kufunika mali yako, maana mali isiyofunikwa imeshaaga. Na lile alilolipenda kuliko yote: kilio kina majirani, soko lina washindani.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta shida, na hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana mgeni hawezi kuijua.

Pale kwetu, nyuma ya soko, kwenye veranda ya mafundi na wauzaji wadogo, asubuhi hatuulizani kwanza habari za nyumbani. Tunaulizana, "Ulishafungua?" Si mlango tunaouliza. Wengi wetu hatuna mlango. Kufungua ni kuuza kitu cha kwanza cha siku. Sasa kama wewe umeshauza na mwenzako hajauza, mteja akija kwako unamwonyesha kidole: "Enda kwa uyu maman, hayafungua bado." Na mteja anakwenda, hashangai, maana naye ni mtu wa hapa. Hatujui nani alianzisha. Lakini ina sharti. Lazima mwenyewe useme kwa kinywa chako, "Bado." Ukisema umeshafungua, imekwisha, hakuna atakayekuletea mtu. Kumletea mteja mtu aliyesema ameshafungua ni kumwita mwongo mbele ya soko.

Mwalimu aliposikia desturi hii alishika kichwa. Alituambia ni ugonjwa. Alichukua machungwa, maana alifundisha kwa vitu, hakutupa makaratasi, na kwa hilo nilimpenda. Akampa Maman Sambaza chungwa, akasema, "Uyu ni mukiriya wako, muteja. Amekuja kwako kwa miguu yake. Sasa mupe dada yako." Maman Sambaza akampa dada yake. "Unabaki na nini?" Maman Sambaza akatazama mikono yake, akatazama dada yake, akasema, "Nabaki na dada."

Watu walicheka, lakini somo liliingia. Msilione soko letu kama watu wa ajabu wasiosikia. Liliingia sana. Msimu ule akina mama wale wawili walikaa wamegeuziana migongo, kila mmoja akiita wateja kwa sauti upande wake, na jioni walipanda kwenda nyumbani kwao, nyumba moja, kila mmoja na njia yake. Mwalimu alipita akaona, akafurahi kwanza. Kisha akapita tena, na tena, na nilimwona anapunguza mwendo. Siku moja alisimama kwenye kiti changu, akijifanya anatazama miavuli.

"Mzee," akasema, "banasalimiana kweli wale?"

"Biashara haina mama," nikamjibu.

Hakucheka, wala siku ile, wala siku iliyofuata.

Desturi ilirudi yenyewe, polepole, kama nyasi. Hakuna aliyeitangaza. Asubuhi moja dada mtu aliuliza bila kugeuka, "Ulishafungua?" na Maman Sambaza akajibu bila kugeuka, "Bado," na mteja akatumwa. Mwalimu alijua. Hakulitaja jambo lile darasani tena.

Nisimfanye kuwa mjinga. Mtu huyu alisaidia watu. Alimfundisha Maman Sambaza kutenga samaki wa nyumbani na samaki wa kuuza, maana zamani watoto walikuwa wakichota tu mezani, na mwisho wa mwezi mama alishangaa mali imekwenda wapi. Alimwambia, "Nyumba yako nayo ni mukiriya, ipimie." Mimi alinifundisha kutundika mwavuli mmoja uliofunguliwa juu ya kiti changu, mwekundu, ili watu wanione kutoka gare, kule kwenye mabasi. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa na miavuli iliyofungwa, nikingoja watu wajue ni nini. Mpaka leo mwavuli ule upo, yaani si ule, ni wa tatu au wa nne, lakini ni mwekundu.

Na alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alikataza matabishi, ile nyongeza mtu anayopewa juu ya alichonunua. Alisema matabishi ni tundu la mfuko. Lakini akinunua sambaza kwa Maman, akishapimiwa, alibaki amesimama na mfuko wazi.

"Nini, Mwalimu?"

"Hapana kitu. Niko naangalia."

"Unangoja matabishi."

"Nafanya utafiti, Maman, nione kama ulisikia somo."

Maman Sambaza alimtupia konzi moja, akasema, "Andika kwa utafiti yako kwamba sikusikia."

Wengine walimtania zaidi. Fundi wa redio, Mungu amrehemu, alimwita mwalimu wa kuogelea mwenye nguo kavu. "Weye mwenyewe unauza nini, Mwalimu?" "Nauza akili." "Nipimie kilo." Mwalimu alitabasamu, lile tabasamu lisilolipiwa ushuru, lakini nilikuwa nimekaa karibu, na niliona kwamba neno lile liliingia mahali.

Kisha waliokuwa wakileta formation wakaondoka. Sikujua walikotoka, wala sikujua walikokwenda. Salle ilifungwa, ikawa mahali pa kukodisha viti vya harusi. Mwalimu alibaki na kadi yake shingoni. Tulidhani atarudi kwao. Badala yake asubuhi moja tulimwona pale kwenye veranda yetu, kati ya kiti changu na nguzo, anapima mahali pa meza kwa hatua zake.

"Mwalimu anakuja kututahini," dada mtu akasema.

"Nakuja kuuza," akajibu.

Aliuza temosi, zile chupa za kutunza chai ya moto, zenye maua ubavuni. Alitueleza sababu, na sababu ilikuwa nzuri. Watu wanaovuka bariyeri huondoka alfajiri na baridi, wanarudi jioni, na hapa Kamembe temosi nzuri ilikuwa haipatikani ila kwa bahati. Alikuwa ameuliza watu, ameangalia, amefikiri. Alizipanga kwa urefu kama watoto wa kwaya. Aliamka mapema kuliko sisi sote. Aliifuta kila moja. Na moja, ya kijani, aliijaza chai nyumbani kwake kila siku, yenye tangawizi, na aliyepita alimiminiwa kikombe bure, ili aone inavyotunza moto. Huyo ndiye aliyekataza matabishi.

Ile asubuhi ya kwanza Maman Sambaza alimuuliza, kwa heshima, kama tunavyomuuliza kila mtu, "Mwalimu, ulishafungua?"

Alijua anaulizwa nini. Ndiye aliyeipinga desturi ile darasani, machungwa mkononi. Meza yake ilikuwa imejaa, hakuna iliyopungua. Aliinua kidevu, akasema, "Nilishafungua, Maman. Tangu saa kumi na mbili."

Tukatazamana. Ungesemaje?

Kesho yake vilevile. "Ulishafungua, Mwalimu?" "Nilishafungua." Na kesho kutwa. Tulianza kumuuliza kwa sauti laini, kama mnavyomlaghai mtoto ameze dawa. Dada mtu alijaribu kwa Kinyarwanda. Mimi nilijaribu kwa mzaha, nikamwambia, "Mwalimu, leo miye mwenyewe bado, weye je? Sema tu bado, tukae wawili." Akasema, "Pole, Mzee. Miye nilishafungua," na akaniletea mteja. Ndiyo, yeye aliniletea mimi. Alimshika mtu aliyekuwa amesimama kuangalia temosi zake, mwenye mwavuli uliokatika, akamleta kwangu. Nikamtengenezea mtu yule mwavuli huku nimeinamisha uso.

Sijui kama mnanielewa. Soko lote lilikuwa tayari kumbeba. Akina mama wale, ambao aliwagawanya kwa chungwa na wakaungana tena, walikuwa wanangoja neno moja tu kutoka kinywani mwake wamjaze wateja. Neno lenyewe fupi. Hata mtoto wa kunyonya analiweza. Na yeye mwenye maneno mengi hivyo, lile hakulipata. Labda aliona akilisema amevunja salle yake yote, darasa kwa darasa, mpaka tofali la mwisho. Labda ilikuwa haya tu. Sikumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Kisha mambo ya ng'ambo, kule Bukavu, yakachafuka. Akina mama wa alfajiri wakapungua, wengine wakaacha kabisa kuvuka. Gare ikawa na motari wa pikipiki wengi kuliko abiria. Sote tuliumia, nisidanganye, mabegi yangu yalikauka. Lakini sisi tulikuwa na kufunguliana. Siku nyingine sambaza wa Maman ndio walionilisha, siku nyingine mwavuli wangu ulimnunulia sabuni. Mwalimu alikuwa na temosi. Tena temosi ina tabia mbaya moja, nilimwambia mapema: haivunjiki haraka. Mwavuli, Mungu ashukuriwe, unavunjika. Mtu akinunua temosi nzuri anazeeka nayo.

"Njo uzuri wake, Mzee," alinijibu.

"Uzuri kwa nani?"

Kicheko chake kilikuja baadaye, wakati nilikuwa nimeshasahau nilichosema.

Alikonda. Viatu vilibaki safi. Siku nyingine nilimwona akihamisha temosi kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka nyuma kwenda mbele, ili zionekane zimepungua au zimebadilika, sijui. Chai ya ile temosi ya kijani iliendelea kuja, ila tangawizi ilikoma, halafu sukari ikakoma. Maman Sambaza alikunywa kikombe chake kila asubuhi na kusema ni tamu.

"Tumufanye nini uyu muntu?" aliniuliza siku moja.

"Hapana kitu tunaweza."

"Tumunyime salamu? Tukiacha kumuuliza, hatasema uongo."

"Tukiacha kumuuliza, atajua kwamba tunajua."

Basi tukaendelea kumuuliza.

Siku ninayotaka kuisema, mvua ilikuwa inajikusanya juu ya ziwa. Alinijia mama mmoja wa Nyakabuye, ameshuka kwenye minibasi, mkononi ana temosi kuukuu iliyofungwa kwa kitambaa. Mkono wa kushikia ulikuwa umeachia upande mmoja. Aliuliza kama nawezana nayo. Niliigeuza. Ilikuwa kazi ya msumari mdogo na nyundo, kufumba na kufumbua. Nikamwambia, "Maman, hii imekufa. Ndani kumepasuka. Ona kwa ule Papa wa pale, ana mpya nzuri sana, na hakudanganyi."

Mama yule akaenda. Maman Sambaza aliacha kufukuza nzi. Dada yake akageuka. Hata mimi niliangalia sindano yangu na sikuiona, na si kwa sababu ya macho.

Mwalimu alimpokea kama mtu aliyekuwa anamngoja miaka. Alimmiminia chai. Alimwonyesha ya maua mekundu, akamwonyesha ya maua ya njano, na mama akaipenda ya njano, niliona, aliishika kwa mikono miwili. Kisha Mwalimu akaomba aione ile ya zamani. Akafungua kitambaa. Akachungulia ndani, akaitikisa sikioni, akapitisha kidole kwenye mkono ulioachia. Akabaki hivyo, kidole pale pale.

Akaja nayo kwangu, mama nyuma yake.

"Mzee," akasema, "hii inatengenezeka."

"Niliona kama ndani..."

"Ndani ni nzima. Ni mukono tu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama darasani, anaposahihisha mtu bila kutaka achekwe na wengine. "Uyu maman ana mbali ya kurudi. Mutengenezee."

Niliichukua. Ningefanya nini? Nilipiga msumari ule, yeye amesimama ananitazama mpaka nikamaliza, akaujaribu mkono, ukashika. Mama wa Nyakabuye akafurahi sana, akamwambia, "Aksanti, Papa, Mungu akuongeze." Akaenda zake kabla ya mvua.

Maman Sambaza alishindwa kuvumilia. Aliuliza toka kwenye meza yake, na sauti yake haikuwa ya soko tena, ilikuwa ya nyumbani.

"Mwalimu. Ulishafungua?"

Yeye alimtazama, akanitazama, akatazama zile temosi zake zilizopangwa kwa urefu. Mdomo ulifunguka. Nakuapia nililiona lile neno, lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nilishafungua, Maman," akasema.

Kisha akakunja mikono ya shati, akashuka ngazi za veranda, akielekea gare, akiruka madimbwi kwa namna yake ili viatu visichafuke. Hatukumwita. Tulidhani anakwenda haja, au kutafuta sigara ambayo hakuwa akivuta, maana hakuwa amefunika meza, na yeye ndiye aliyetufundisha kufunika. Mvua ilipoanza, Maman Sambaza na dada yake walichukua shitingi lao wenyewe la plastiki wakazifunika temosi, sambaza wakabaki wakilowa.

Asubuhi tulipofunua, zote zilikuwepo, ila mwenyewe hakuja, wala hatukumwona tena. Maman Sambaza alichukua ile ya kijani, akafungua kifuniko, mvuke ukatoka. Alimimina vikombe vitatu. Chai haikuwa na sukari, na ilikuwa bado moto.